Mahindi ya Kona ya Mboje

Kazi yangu ni kuhakikisha watu wanaonana barabarani, na kwa miaka tisa nilikuwa sijamwona mama mkwe wangu usoni.

Si kwamba tuligombana. Kwetu Usukumani mkwe wa kiume na mama mkwe hawakaziani macho. Mkikutana njiani, mmoja anaingia pembeni, mwingine anapita, mnasalimiana huku kila mtu akitazama upande wake. Wenzangu wengi pale Bariadi mjini wameshaiacha desturi hiyo. Wanakula meza moja na wakwe zao na kupiga nao picha za simu. Mama mkwe wangu Nyanjige, mjane wa mzee Mboje wa Ngulyati, hakuiacha, na mimi sikuwa na haraka ya kumfundisha mambo ya mjini. Nilimjua kwa sauti yake, na kwa ndala zake za bluu ambazo kamba moja ilishikiliwa na waya.

Mke wangu Scola alikuwa akinicheka. "Mtu wa kupima macho ya madereva," alikuwa akisema, "mama yangu mzazi akipita sokoni humjui." Nami nilikuwa namjibu kwamba macho ya madereva yana fomu, ya mama yake hayana.

Hizo fomu inabidi nizieleze, maana ndizo zilizoniponza. Mimi ni fundi sanifu wa barabara. Kwenye kila kona tunapima dereva anaona umbali gani mbele yake. Tunabeba fimbo ya mita moja na sentimita tano, ambao ndio urefu wa jicho la mtu aliyekaa kwenye gari dogo, pamoja na kibao chekundu kinachosimama badala ya kitu kilichoko barabarani. Mmoja anachuchumaa, anaweka jicho lake kwenye ncha ya fimbo. Mwingine anakwenda na kibao mpaka kinapotea kwenye kona. Hapo tunanyoosha utepe. Gari linalokimbia themanini linahitaji zaidi ya mita mia moja ili dereva aone, ashtuke, akanyage breki na gari lisimame. Mita zikitosha, kona ni nzuri. Zisipotosha, tunaweka tuta, au kibao cha onyo, au tunafyeka.

Agosti mwaka jana nilipima kona ya mzee Mboje, hatua chache kutoka kwenye mji wa Nyanjige, yaani nyumba yake na ua wake, nikapata mita mia na sitini. Nikaandika: "Inaonekana vizuri." Chini ya fomu kulikuwa na swali kama tuta la zamani bado linahitajika. Nikaandika: "Halihitajiki." Nikasaini. Mwezi wa kumi greda likaja, likalikwangua tuta, likasambaza changarawe mpya ya moramu, na barabara ikawa laini kiasi kwamba madereva walianza kuimba wakipita pale.

Msomaji wa Simiyu ameshanishika hapo. Agosti! Mwezi ambao pamba imeng'olewa na kuchomwa, mabua ya mahindi yameliwa na ng'ombe mpaka vishina, na nchi yote iko wazi kama uwanja wa mpira. Tunapima Agosti kwa sababu mvua zikianza, udongo mweusi wa mbuga unalishika gari letu kwa matairi yote manne na haliachii. Kwa hiyo fomu zetu zote zilizaliwa kiangazi. Na mimi, mtoto wa Ipililo, niliyekua na jembe mkononi, nilisimama katikati ya shamba nikasahau kwamba shamba huota. Mtu wa Dar angesahau ningemsamehe.

Mwishoni mwa Februari, asubuhi ya Jumamosi, simu ya Scola ikalia. Alikuwa anamnyonyesha Sayi, binti yetu wa miezi mitano, akaiweka simu kwa sauti kubwa. Nikamsikia Nyanjige akihema.

"Scola, basi limetaka kuniua."

Alikuwa anavuka kwenda kisimani na ndoo kichwani, kama anavyofanya kila siku. Alisikia honi, akaruka kurudi kwenye mahindi. Yeye alipona na mchubuko wa goti. Ndoo ilipasuliwa katikati.

"Mwambie baba Sayi," akasema, "gari halionekani hapa. Mpaka likufikie."

Scola alinitazama. Mimi nilikuwa naitazama chai yangu. Tuta la zamani lingekuwepo, basi lile lingepita pale kwa mwendo wa ng'ombe. Nililijua hilo na sikulisema. Nilisema tutakwenda kesho.

Jumapili baada ya misa tukapanda pikipiki, Sayi mgongoni kwa mama yake, fimbo na utepe nimevifunga kwa mpira pembeni. Tulipoikaribia kona nikapunguza mwendo, nikasimama, nikazima. Mahindi yalikuwa yamesimama upande wote wa ndani wa kona, marefu kuliko mimi, yametoa mbelewele, ya kijani kibichi yenye afya mpaka inauma. Pale nilipokuwa nimesimama Agosti nikaona mpaka kwenye mti wa pili wa umeme, sasa nilikuwa naona majani.

"Lo," akasema Scola. "Hii ndiyo uliyoandika nzuri?"

Kwa kweli ningeweza kumaliza jambo lile kwa barua. Mistari minane ya mwanzo ilikuwa imeingia ndani ya hifadhi ya barabara, na sheria ya hifadhi ya barabara inajulikana. Barua fupi, muhuri, siku saba. Nilimtajia Scola wazo hilo, akasema niandike tu, kisha nitafute pa kula Krismasi.

Tukaenda nyumbani kwa Nyanjige. Mji wake umezungushiwa ua wa minyaa, na mlangoni kuna uwazi wa kupita mtu mmoja. Yeye akakaa kwa ndani, mimi nikakaa kwa nje juu ya jiwe, nimeipa minyaa mgongo, na Scola akasimama kwenye uwazi na mtoto wake kama karani wa mahakama.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia mama kwa Kisukuma, nikitazama barabarani.

"Mwangaluka, baba Sayi. Mhola?"

"Mhola tu. Pole kwa goti."

"Goti litapona. Ndoo haiponi."

Mpaka hapo tuliruhusiwa kusemeshana. Mambo mazito yalipita kwa Scola, ingawa tulikuwa tunasikiana kama watu walio kitanda kimoja.

"Mama," akaanza Scola, "Josia anasema mahindi ya upande wa ndani yanaziba kona. Anaomba ukate mistari minane."

"Nimemsikia. Mwulize kama anajua ni mistari ipi hiyo. Maji yote ya barabara yanaingia hapo. Huko nyuma mahindi yangu yamedumaa, yananifika kiunoni. Hiyo minane ndiyo itakayonilisha."

"Anasema..."

"Nimesikia," nikasema.

"Na mwulize tena. Mzee wangu kalima hapo miaka thelathini, mahindi yalisimama, na hakuna aliyegongwa. Gari zilikuwa zinafika hapo zinapanda tuta polepole. Nani kalitoa lile tuta?"

Scola akageuza shingo. Alikuwa hajui. Katika ndoa yetu nilikuwa nimemweleza kila kona ya wilaya hii isipokuwa ile.

"Mwambie ni ofisi," nikasema.

"Ofisi ni nani?"

"Ni... wataalamu."

Kuku mmoja akapita kwenye uwazi katikati ya miguu ya Scola. Niliona haya, nikaendelea kuitazama barabara.

"Basi hao wataalamu waje wakate mahindi yao," akasema Nyanjige. "Mimi sikati chakula chenye mbelewele kwa kuambiwa. Mwambie anionyeshe. Nione kile dereva anachokiona. Nikiona, nitakata mwenyewe."

Sasa hapo pana shida ya kitaalamu. Kipimo kinataka watu wawili, mmoja huku na mmoja kule, na kila mmoja amtafute mwenzake kwa macho. Mwenzangu wa kazi alikuwa kwao Maswa. Scola alikuwa anafaa, ila ilibidi mtu akae juu ya kichuguu kilichoko upande wa nje wa kona, ambako pande zote mbili za barabara zinaonekana, apige kelele gari likija. Mtu huyo hakuwa mwingine ila yeye. Tulibaki wawili, mimi na mama mkwe. Nilimweleza Scola kwa sauti ya chini, na kwa ndani nikasikia Nyanjige anacheka, kicheko kifupi cha puani.

"Mwambie leo yeye si mkwe," akasema. "Leo ni ng'ombe anavuka barabara. Mimi ndiye dereva. Dereva akimwona ng'ombe haangalii pembeni kwa heshima."

Tukatoka. Nilitangulia mbele hatua ishirini ili asipite karibu yangu. Yeye alifuata na kigoda mkononi na kanga kichwani, ameivuta mpaka kwenye paji. Nilimwonyesha Scola mahali pa kukiweka kigoda, mita mia moja kutoka pale njia ya kisimani inapokatiza barabara. Scola akasimamisha fimbo pembeni ya sikio la mama yake. Jicho lilikuwa chini kidogo. Wakakunja gunia, wakaliweka juu ya kigoda, jicho likafika. Kisha Scola akapanda kichuguu chake na mtoto, nami nikachukua ndoo iliyopasuka, nikaiweka kichwani, nikaenda kusimama katikati ya barabara kwenye njia ya kisimani.

"Mama, unamwona?" akaita Scola.

"Namwona nani?"

"Josia. Kasimama katikati ya barabara."

"Hakuna mtu huko."

Nikaanza kumfuata hatua kwa hatua. Tulikuwa tumekubaliana atakaponiona ainue mkono, lakini ili niuone mkono ilinibidi nimtazame yeye. Nilitembea nimeyakaza macho kwenye ukingo wa mahindi, jasho linanitoka, ndoo imenikalia upande. Hatua kumi. Ishirini. Arobaini. Themanini. Majani yanapisha, majani yanapisha. Ghafla kanga ya njano, na mkono uko juu.

Nikaweka jiwe, nikavuta utepe mpaka kwenye kigoda. Mita thelathini na nane.

Nyanjige alikaa pale kwenye kigoda, mikono magotini, akayatazama mahindi yake kwa muda, kama mtu anayemtazama mtoto aliyefanya vibaya shuleni.

"Scola," akaita, "mwambie na yeye akae kwenye kigoda. Mimi nivuke. Anione kama basi lilivyoniona."

Kigoda kikahamishwa mpaka mita thelathini na nane kutoka kwenye njia ya kisimani. Nikakaa, nikajiinamisha mpaka jicho likawa usawa wa fimbo. Yeye akaichukua ile ndoo iliyopasuka, akaingia kwenye njia, mahindi yakamfunika kabisa. Scola akapiga kelele kwamba hakuna gari. Nikasubiri.

Akatoka. Alitoka kama anavyotoka kila asubuhi, shingo imenyooka, mkono mmoja kwenye ndoo, na kwa mazoea ya kazi nikaanza kuhesabu. Moja. Mbili. Alikuwa ametia mguu wa pili barabarani. Basi la themanini linazimaliza mita thelathini na nane kabla hujamaliza kusema mbili.

Alisimama katikati, akageuka kuniangalia, maana mimi ndiye niliyekuwa basi. Kanga ilikuwa imeteleza. Hapo ndipo nilipomwona. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Alikuwa na pua ya Scola na ule mwanya wa meno ambao Scola alikuwa akisema Sayi ataurithi, na goti lake lilikuwa limefungwa kitambaa. Niliogopa sana. Niliogopa kama vile basi lilikuwa bado linakuja, kwa sababu mahali aliposimama ndipo palipokuwa na tuta, na mimi ndiye niliyeandika kwamba halihitajiki.

Nikainuka. Nikaenda mpaka alipo, karibu kuliko nilivyowahi kwenda, nikavua kofia.

"Mayu," nikasema, na sikupitisha kwa mtu, "tuta nimelitoa mimi. Si ofisi. Nilipima Agosti, shamba likiwa tupu, nikasaini kwamba kona ni nzuri. Makosa ni yangu. Naomba unisamehe."

Juu ya kichuguu Scola alikuwa ameacha kumbembeleza mtoto.

Nyanjige aliitua ndoo. Akairudisha kanga yake kichwani taratibu, akaifunga.

"Agosti," akasema. "Na wewe ni mtoto wa Ipililo."

Angenitukana ningepumua. Aliingia kwenye mji wake, na nilipokuwa bado nimesimama pale nisijue kama nimefukuzwa, akatoka na mapanga mawili. Moja akaliweka chini, mbali nami kidogo, akageuka akanipa mgongo. Nikaliokota.

Tukakata. Yeye alianzia upande wa kisima, mimi upande wa kigoda, kila mmoja akitazama kwake, na Scola alikuwa akifunga mabua mafungu mafungu kwa ajili ya ng'ombe. Punje zilikuwa bado maziwa. Ukibonyeza, zinatoka maji meupe. Wiki moja zaidi yangekuwa mahindi ya kuchoma. Kila bua lilinilaumu, na nilikata mabua mengi. Kabla ya saa nane mistari minane ilikuwa chini, na kutoka kwenye kigoda ungeweza kuuona mti wa pili wa umeme.

"Mwambie baba Sayi," Nyanjige akasema tukiwa tunanawa, yeye ndani ya minyaa na mimi nje, "hapo nitapanda viazi. Viazi vinatambaa. Nikikosa ugali nitavikausha nile michembe."

"Mwambie nitaleta gunia la mahindi kutoka kwetu."

"Mwambie alete mawili."

Nilileta matatu.

Jumatatu nikaingia kwa bosi wangu, Injinia Constantine, nikamweleza. Alivua miwani, akaifuta kwa tai.

"Kona ngapi umezipima kiangazi?"

"Zote. Arobaini na moja."

"Unajua nani atazirudia?"

"Najua."

"Na gari halitapita kwenye matope."

"Nina viatu vya mvua."

Alinitazama kama mtu aliyetaka kukasirika akakosa pa kuanzia, maana fomu zangu zote alizipitisha yeye. Tuta akalipigia muhuri lirudishwe, ila kazi hizo kwetu huanza Julai, haziji mbio hata uzipigie magoti. Mimi nikaanza kutembea. Machi yote na nusu ya Aprili nilichuchumaa kwenye kona za wilaya na fimbo yangu, kwenye mahindi, kwenye mtama, kwenye majani ya ngitiri yaliyohifadhiwa kwa ajili ya ng'ombe. Kona kumi na tatu zilikuwa kama ya mzee Mboje. Kwenye kila fomu nilichora mstari kwa kalamu chini kabisa na kuandika mwezi, na kitu gani kimeota.

Mwishoni mwa Aprili, mvua ilipotulia na barabara ikakauka, nilipewa gari niende Ngulyati kukagua kalavati. Ilikuwa asubuhi. Nyuma yangu kulikuwa na basi linalotaka kunipita, linawasha taa na kuzima, na mimi nikawa nalibania kwa makusudi. Tukaikaribia kona. Mahindi ya nyuma yalikuwa yanaanza kukauka, na mbele yake viazi vilikuwa vimelala chini, vimefunika ardhi yote mpaka mtaroni.

Nikaiona ndoo mpya ya bluu mita mia moja na zaidi mbele yangu, na chini yake mama mkwe wangu, amefika ukingoni mwa barabara. Nikaondoa mguu kwenye mafuta.

Naye alilitambua gari la ofisi. Kwa mazoea ya miaka yote alirudi pembeni anipishe, akaingia shambani, na hapakuwa na kitu cha kumficha. Majani ya viazi yalimfika kwenye vifundo vya miguu. Alisimama pale, mchana kweupe, ndoo kichwani, na mimi nikiwa dereva sikuwa na ruhusa ya kuyaondoa macho yangu kwake.

Akainua mkono, vilevile kama alivyouinua siku ile juu ya kigoda. Nikainua wangu, nikapita polepole.

Kwenye kioo nikalitazama lile basi. Kwa kuwa nilikuwa nimeshapita, njia yote ilikuwa yake, na dereva wake hakuwa mtu wa subira. Lakini alikuwa amemwona toka mbali. Basi likapunguza mwendo, likapunguza tena, likasimama kabisa, na Nyanjige akavuka.